Simba Mmoja ni Swala Sita

"Kumi na hamsini, ipi kubwa?"

Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza, binti yangu akamtumbulia macho. Akarudia kwa Kiswahili, polepole, kidole kikigonga karatasi penye zile namba mbili. Safari hii mtoto hakusita. "Kumi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake.

Mwalimu akachora X nyekundu. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, nikaiona ile X kana kwamba nimechanjwa mimi. Ilikuwa Januari 2022, wiki ile shule za Uganda zilipofunguliwa baada ya karibu miaka miwili, na foleni ya wazazi waliokuja kuwafanyisha watoto mtihani wa kuingia darasa la kwanza ilifika nje ya geti. Kila mmoja wetu alitaka wake aonekane hakupoteza kitu.

Tulipotoka tukapanda bodaboda, yeye katikati yangu na dereva. Hatujafika hata barabara kubwa nikamwambia, "Leo umenitia aibu." Hakujibu. Alilaza shavu kwenye koti la dereva, akajifanya amelala.

(Neno bodaboda, kwa wasiojua, lilizaliwa huku kwetu mpakani. Zamani baiskeli zilivusha watu ile nafasi iliyo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, na wenye baiskeli waliita wateja kwa Kiingereza chao: boda, boda! Leo neno liko kila mahali, na Busia hatujalipwa hata senti.)

Nyumbani tuna watoto wawili. Wa kwanza ni huyo binti, aliyezaliwa Machi 2016 na kurithi jina la mama yangu, kwa hiyo hakuna anayemwita jina hilo. Anaitwa Jaja, bibi. Wa pili ni mvulana wa Juni 2019, karithi jina la marehemu baba mkwe, naye ni Babu. Wageni hushangaa wakisikia nikifoka, "Jaja, umekojoa tena kitandani?" Huchungulia ndani kumtafuta mzee.

Mimi nilizaliwa kambini Jinja, baba yangu akiwa askari. Kambini Kiswahili kilikuwa lugha ya amri gwarideni na ya umbea bombani, nasi watoto hatukujua nyingine mpaka tulipotoka nje ya senyenge. Mume wangu ni Msamia wa hapa Busia, dereva wa lori, leo yuko Mombasa, keshokutwa Kampala. Mimi nina kibanda cha chai na maandazi kando ya barabara malori yanapopanga foleni. Nakaanga alfajiri, ifikapo saa nne asubuhi kikaango kimepoa.

Februari 2020 Jaja alianza darasa la bebi, hajatimiza miaka minne. Sare nilimshonea kubwa makusudi, aivae miaka miwili. Hakuivaa hata miezi miwili. Tarehe 20 Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na zilipokuja kufunguliwa zote, tarehe 10 Januari 2022, lile gauni lilimfika juu ya mapaja na vifungo vya mgongoni havikutani tena. Nililikunja nikaliweka sandukuni. Bado lipo.

Wenzetu wa ng'ambo, Kenya, walirudi darasani wote Januari 2021. Ng'ambo kwetu si mbali. Asubuhi upepo ukitoka upande ule unasikia kengele ya shule yao mpaka jikoni kwangu. Kwa mwaka mzima binti yangu aliamka kwa kengele isiyo yake. Wiki za kwanza alikuwa akiuliza, "Mama, ile inatuita?" Baadaye akaacha kuuliza, na kuacha kwake kuliniuma kuliko swali.

Vile vitini vya kusomea nyumbani vilivyokuwa vikitangazwa redioni kwangu havikufika. Na kibanda? Mwanzoni nilikifunga, kwa sababu madereva ndio waliokuwa wakiogopwa kuliko watu wote. Walipimwa mpakani, wakangoja majibu, malori yakajipanga kilomita na kilomita. Nilifunga kwa woga, njaa ikanifungulia. Nilifunga kamba kibandani, chai naisukuma kwa ubao, pesa inatumbukizwa kwenye beseni la maji ya sabuni. Babu mgongoni, Jaja chini ya meza. Sikuwa na mtu wa kumwachia.

Na kuokota sarafu kwenye beseni ilikuwa kazi ya Jaja. Alijipa mwenyewe. Alikuwa na mikebe miwili ya Blue Band, mmoja wa Uganda, mmoja wa Kenya, na kila sarafu alifuta kwa pindo la gauni kabla ya kuitupa panapohusika. Sikumfundisha kutofautisha. Namba hakuwa akizijua bado. Alijua wanyama.

Ukiwa mtu mzima unasahau kwamba pesa ina picha. Shilingi 50 yetu ina swala, 100 ina ng'ombe wa pembe ndefu, 200 ina samaki, 500 ina korongo mwenye taji. Upande wa Kenya zile sarafu mpya zilizotoka Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, tembo kwenye ishirini. Jaja aliita pesa hivyo hivyo. "Mama, huyu kaleta tembo, anataka mbili." Madereva walimpenda kwa hilo. Mzee mmoja wa Mombasa hakulipa kamwe bila kuuliza, "Bosi, leo nikupe mnyama gani?" Naye humwamkia "Shikamoo" kwanza, halafu ndipo atoe bei.

Andazi langu wakati huo lilikuwa shilingi 200, samaki mmoja. Simba wa Kenya nilimhesabu 300. Wabadilishaji pesa walikuwa wakimchukua kwa zaidi kidogo, ila hicho kidogo ndicho chumvi yangu. Kwa hiyo dereva akitoa simba, anapewa andazi na ng'ombe mmoja wa chenji. Ng'ombe wakiisha mkebeni, anapewa swala wawili. Ndivyo tulivyoishi, mwaka na miezi tisa. Mimi nilidhani natafuta riziki tu, na mtoto yuko chini ya meza anapoteza muda wake wa shule. Jioni nilikuwa nampigisha A, B, C kwa nguvu ili roho yangu itulie. Aliziimba zote hadi Z bila kukosea, nami nikajisifu kwa majirani. Nilipomwonyesha herufi moja peke yake, nje ya wimbo, hakuijua.

Turudi usiku wa ile X. Baba yake alikuwa nyumbani, ameloweka miguu kwenye beseni. Nikamsimulia, bado nina hasira, mtoto akiwa palepale anatafuna muhogo. Yeye ndiye aliyeuliza swali nililopaswa kuuliza mimi tangu kwenye bodaboda.

"Jaja, kwa nini ulisema kumi?"

"Kumi ni simba. Hamsini ni swala."

"Haya. Kwa hiyo?"

Akamwona baba yake ni mzito wa kuelewa leo. "Simba mmoja ni swala sita."

Mume wangu akanigeukia. Mimi tayari nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya leso: andazi ni swala wanne, chenji swala wawili. Sita. Sikumbuki siku hata moja niliyomwambia andazi ni swala wanne. Hakuna mteja anayenunua andazi kwa hamsini hamsini. Alikuwa amevunja samaki kuwa swala kichwani mwake, akajumlisha na wale wa chenji, akiwa na miaka mitano, miguu yake haijafika chini akikaa kwenye kiti. Nami nilikuwa nimemwambia kanitia aibu.

Nilimwomba radhi usiku uleule. Kwetu kambini mzazi hakuwa akimwomba mtoto radhi, na maneno yalinitoka kama mfupa wa samaki. Alisema, "Sawa, mama," akaomba muhogo mwingine.

Asubuhi nikafunga simba mmoja na swala sita kwenye pindo la leso, nikamrudisha shuleni. Sikwenda kugombana. Hamsini ni kubwa kuliko kumi, hata simba angurume vipi, na mwalimu alikuwa na haki ya X yake. Nilitaka tu ajue anachukua mtoto wa namna gani. Nilipanga sarafu mezani, nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda dirishani palipokuwa na gunia la visoda, akahesabu kumi akaviweka mbele ya Jaja.

"Hivi ni kumi. Nikikuletea vingine hamsini, wapi vingi?"

"Hamsini."

"Na jana ulisemaje?"

"Jana hukusema visoda."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Ile X hakuifuta. Aliizungushia duara, akaandika kitu pembeni kwa Kiingereza, halafu akaniambia ada inalipwa kabla ya Ijumaa.

Kilichonishinda pale shuleni ni lugha. Muhula haujafika katikati tukaitwa wazazi, tukaambiwa tuzungumze Kiingereza nyumbani ili watoto washike masomo haraka. Mtaala wa Uganda, tangu 2007, unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya kwao, na darasa la nne ndilo daraja la kuvukia Kiingereza. Mjini, hasa shule za kulipia, hayo ni ya kwenye karatasi. Mzazi mwenyewe ndiye anayeona Kiingereza ndiyo elimu, nisiwasingizie walimu. Nami nilitii. Kiingereza changu ni cha sokoni: njoo, kaa, kula, hapana, bei gani. Nilikitumia siku tano. Nyumba ikanyamaza. Hakuna aliyesimulia kitu, hakuna aliyenichekesha. Siku ya sita Jaja akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, umekasirika?" Nikamjibu kwa Kiswahili changu chote cha Jinja, nikamsimulia na hadithi ya sungura juu, tukalala saa nne usiku.

Mwezi Julai mwaka uleule baraza la mawaziri likaamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shule za msingi na sekondari kwa lazima. Dada yangu wa Kampala, ambaye miaka yote ananiambia hiyo ni lugha ya askari na wezi, akanipigia simu siku hiyohiyo kuuliza "habari za asubuhi" hujibiwaje. Mengine sijayaona sana madarasani, ila simu ile niliifurahia.

Babu ndiye aliyenitoa jasho. Jaja alisema mapema. Huyu alifikisha miaka miwili na nusu bila neno la kueleweka. Anaonyesha, anavuta nguo, ananguruma. Kwa nyanya yake kijijini wanamsemesha Kisamia, mimi Kiswahili, majirani Kiganda, dada yake anamletea Kiingereza cha shule kama mabaki ya chakula. Watu wakaniambia nimemchanganya, nichague lugha moja. Mwingine akashauri akatwe ulimi chini. Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi hakuuliza anasema lugha ngapi. Aliuliza: anageuka ukimwita? Ukimtuma kikombe analeta? Anaonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Yote ndiyo. Akaniambia lugha nyingi hazimzuii mtoto kusema, na nikihesabu maneno yake nihesabu ya lugha zote kwa pamoja. Asipopata neno miezi michache baadaye, nimrudishe wampime masikio vizuri.

Nilirudi nikaanza kuhesabu, na kumbe alikuwa nayo. "Mmaa" ya ng'ombe ilikuwa neno. "Tata" la baba yake lilikuwa neno. Nilikuwa nikiyatupa kwa sababu hayakuwa ya Kiswahili. Siku moja, karibu atimize miaka mitatu, alisimama mlangoni kibandani, uso umejaa vumbi, akanitolea sentensi nzima: "Nipe amazzi, plizi." Kitenzi cha kwangu, maji ya Kiganda, adabu ya dada yake. Chai ilikuwa inafurika, sikuiona. Nilimpa maji, akanywa, akaniambia tena ileile ingawa kiu imekwisha, kwa raha tu ya kuona inafanya kazi. Nadhani alikunywa vikombe vinne asubuhi ile.

Alipofika miaka minne ukaanza ugomvi wa maziwa. Nawagawia sawasawa, kikombe kimoja cha bati kila mtu. Jaja anachukua yake anayamimina kwenye glasi nyembamba ndefu. Babu akiona yamepanda juu analia kapunjwa. Namwonyesha, namiminia mbele yake, narudisha. Wapi, ya kwenye glasi ni mengi. Yule mwalimu wa visoda, ambaye siku hizi ni mteja wangu wa chai, alituona akacheka, akasema Mswisi mmoja, Jean Piaget, aliwafanyia watoto jambo hilihili miaka mingi iliyopita akaona wengi wa umri huo hujibu hivyohivyo. Wakikaribia miaka saba ndipo wanaona kwamba ni yaleyale. Nikapumua. Jaja, kwa upande wake, alikuwa ameshavuka, na ujuzi huo aliutumia vibaya: alikuwa akimpa mdogo wake glasi ndefu yenye maziwa machache, yeye akabaki na kikombe kilichojaa, na wote wawili wakafurahi. Nilipomkamata sikujua nimchape au nimpeleke kusomea biashara.

Mwisho wa 2023 shilingi ya Kenya iliporomoka. Wabadilishaji wakawa hawampokei simba hata kwa 250, na mimi nikabaki na mkebe mzima niliokusanya kwa bei ya zamani. Nilikaa jioni nazihesabu, nimenuna. Jaja, darasa la pili sasa, akasogea na kalamu, akaandika nyuma ya boksi la majani ya chai, akakata, akaandika tena.

"Mama, simba hafiki swala watano," akasema. "Amekonda."

Babu alikuwa mlangoni. Kusikia hivyo akaja mbio, akaingiza mkono mkebeni, akatoa simba mmoja. Akamfuta kwa pindo la shati. Akamsogeza karibu na taa ya koroboi, akamtazama kichwa, akamtazama manyoya ya shingoni, akamgeuza nyuma, akamrudisha.

"Hajakonda," akasema. "Ni yuleyule."